Idadi ya wanafunzi ikiandikwa katika sheria ya chuo kikuu kipya: majimbo ya Marekani yalifanyaje, na fedha zilitoka wapi?

Swali, kutoka kwa Mjumbe wa Kaunti

Ndugu zangu wasomaji,

Naomba msaada wenu katika jambo linaloigawa kamati yetu ya elimu hapa kaunti. Tunaandika waraka wa maoni kuhusu pendekezo la kukipandisha hadhi chuo kishiriki kilichopo kwetu ili kiwe chuo kikuu kamili cha umma. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2012 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba kila kaunti inapata chuo kikuu cha umma, na kinazipa kipaumbele kaunti ambazo hazikuwa nacho sheria ilipoanza kutumika, ila kwa sharti kwamba rasilimali ziwepo. Sharti hilo la mwisho ndilo tunalobishania. Baadhi ya wenzangu wanaona kwamba hadhi ikishatolewa, fedha zitafuata. Wengine, nikiwamo mimi, tunahofia kwamba chuo kitapewa hadhi kabla hakijawa na wanafunzi wa kutosha, na kwa kuwa tangu mwaka 2023 fedha za umma zinamfuata mwanafunzi kwa njia ya ufadhili na mkopo, chuo chenye wanafunzi wachache kitaingiza kidogo huku kikilazimika kumlipa makamu wa chansela, msajili, wakutubi na wahasibu kama vinavyofanya vyuo vikubwa.

Mmoja wetu amependekeza kwamba tuombe idadi ya chini ya wanafunzi iandikwe katika sheria yenyewe, na akataja kwamba baadhi ya majimbo ya Marekani yamewahi kufanya hivyo. Ningependa kujua kutoka kwa wanaoyafahamu mambo hayo: idadi iliwekwaje, ilifungamanishwaje na fedha, na nini kilitokea pale ambapo haikufikiwa kwa wakati? Mifano halisi itatufaa kuliko maoni ya jumla, kwa sababu waraka wetu utasomwa na watu wenye haraka ya kutukatalia.

Jibu la kwanza, kutoka kwa Mhasibu wa Kusini

Ndugu Mjumbe, jimbo ambalo limeutumia utaratibu huo kwa uwazi zaidi ni Texas, na nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu kazi yangu ya uhasibu wa vyuo huku Texas imenilazimu kuzisoma sheria hizo.

Mwaka 2001 Bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuanzisha University of North Texas at Dallas, upande wa kusini wa jiji la Dallas. Hata hivyo, sheria ilisema kwamba chuo hicho kingebaki kituo tu, chini ya uangalizi wa mfumo wake, yaani taasisi moja inayosimamia vyuo kadhaa, hadi hesabu ya wanafunzi wa muda wote ifike 1,000. Hesabu hiyo ilitimia mwaka 2009, na mwaka uliofuata chuo kikapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mara ya kwanza; kabla ya hapo kilifundisha wale tu waliokuwa wamemaliza miaka miwili ya awali kwingineko. Mwaka 2003 sheria ya namna hiyo ilipitishwa kwa ajili ya Texas A&M University–San Antonio, kusini mwa jiji la San Antonio, mahali ambapo familia nyingi hazikuwa na mtu hata mmoja mwenye shahada. Kituo hicho kilikuwa kimeanza mwaka 2000 ndani ya majengo ya Palo Alto College, kikiwa tawi la chuo cha Kingsville.

Hapa ndipo fedha zinapoingia. Bunge liliidhinisha hati fungani za dola milioni 40 kwa ajili ya ujenzi wa kampasi ya San Antonio, lakini likazifunga kwenye sharti la kufikisha wanafunzi 1,500 wa muda wote. Sasa litazame sharti hilo kwa jicho la mkuu wa kituo. Anahitaji majengo ili apate wanafunzi, na anahitaji wanafunzi ili aruhusiwe kujenga. Kijana anayetembelea kituo kisicho na maktaba yake wala maabara yake anaona afadhali aende kwingine, na kila anayekwenda kwingine anaisogeza mbali tarehe ya kupata maabara. Mambo yakaenda hivyo hadi mwaka 2009, ambapo Bunge lilipitisha sheria nyingine iliyoshusha kiwango hadi 1,000, na tarehe 23 Mei 2009 Gavana Rick Perry akaitia saini. Siku hiyo hiyo vyuo viwili vikapata kujitegemea: hicho cha San Antonio na Texas A&M University–Central Texas cha mji wa Killeen. Leo cha San Antonio kina zaidi ya wanafunzi 6,000, ingawa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kilianza kuwapokea mwaka 2016 tu.

Kuna jambo moja la kihesabu ambalo naomba mliandike kwa wino mzito. Mwanafunzi wa muda wote katika sheria hizi ni kipimo. Si lazima awe mtu mmoja. Kinachohesabiwa ni krediti walizosajili wanafunzi wa shahada ya kwanza katika muhula, kisha jumla hiyo inagawanywa kwa 15. Wanafunzi 1,000 wa muda wote ni sawa na krediti 15,000. Katika chuo ambacho vijana wake wanaishi bwenini na kusoma kutwa, watu 1,000 wanatosha. Lakini kusini mwa San Antonio, wanafunzi wengi walikuwa watu wazima wenye kazi na watoto, na mtu wa namna hiyo anamudu kozi mbili jioni, yaani krediti sita. Ikiwa wote wangekuwa hivyo, ingebidi kusajili watu 2,500 ili kufikia 1,000. Kwa hiyo idadi ile ile inakuwa nyepesi kwa chuo cha vijana wa kutwa na nzito kwa chuo cha wafanyakazi, na mara nyingi chuo cha wafanyakazi ndicho kilichokusudiwa kusaidia eneo lililoachwa nyuma. Kama kaunti yenu ina walimu na wauguzi wengi wanaosoma jioni au wakati wa likizo, waulizeni wanasheria wenu kwanza: tunahesabu nini?

Jibu la pili, kutoka kwa Bi. Maktaba

Ndugu Mhasibu ameeleza vizuri, nami nitaongeza Florida, kwa sababu huko idadi moja ilitumiwa kwa njia mbili tofauti ndani ya miezi michache, na tofauti hiyo ndiyo ambayo ningependa Ndugu Mjumbe aizingatie.

University of South Florida ilikuwa na tawi la ufundi na sayansi mjini Lakeland, katika kaunti ya Polk. Mwanasiasa mmoja mwenye nguvu wa eneo hilo, Seneta JD Alexander, ambaye aliongoza kamati ya bajeti ya Seneti ya jimbo, alitaka tawi hilo lijitenge liwe chuo kikuu cha 12 cha Florida. Novemba 2011 baraza linalosimamia vyuo vikuu vyote vya umma vya jimbo lilikubali, lakini kwa masharti: tawi kwanza lipate ithibati yake lenyewe, lifikishe wanafunzi 1,244 wa muda wote, angalau nusu yao wakisoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na lijenge majengo yake ya msingi pamoja na bweni. Likishatimiza hayo, ndipo lijitenge. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa tawi lingekua likiwa bado chini ya ithibati ya chuo mama, na mwanafunzi asingepoteza kitu kwa kusubiri.

Bunge halikusubiri. Katika kikao cha mwaka 2012 lilipitisha sheria iliyolifuta tawi na kuanzisha Florida Polytechnic University papo hapo, na Gavana Rick Scott akaitia saini mwezi Aprili. Masharti ya baraza hayakutupwa. Yalihamishiwa katika sheria, idadi ya 1,244 ikiwa ile ile, bweni likitajwa kwamba lisipungue vitanda 190, ila sasa yakawa mambo ambayo chuo kilichokwisha kuanzishwa kinatakiwa kuyatimiza ifikapo 31 Desemba 2016. Baadaye tarehe hiyo ikasogezwa hadi mwisho wa mwaka 2017. Sharti lililokuwa mlango wa kuingilia likageuzwa kuwa deni la kulipwa baadaye. Na katika kikao hicho hicho cha Bunge, bajeti ya vyuo vikuu 11 vilivyokuwepo ilikatwa dola milioni 300.

Matokeo yake yaliwaangukia wanafunzi kabla ya kumwangukia mtu mwingine yeyote. Chuo kipya hakikuwa na ithibati, na jumuiya inayotoa ithibati kwa vyuo vya majimbo ya kusini haimpi ithibati asiyefundisha: inataka kukuta walimu, wanafunzi na hesabu zilizokaguliwa. Bila ithibati, wanafunzi hawakuweza kupata ruzuku ya Pell wala mikopo ya serikali kuu, ambayo ndiyo tegemeo la watoto wa familia zenye kipato kidogo. Chuo kilipofungua milango Agosti 2014 kikiwa na wanafunzi mia tano na kidogo, kililazimika kuwapa ufadhili wa kufidia ada ili wakubali kujiunga na taasisi ambayo shahada yake ilikuwa bado haijatambuliwa. Ithibati ilikuja Juni 2017. Fedha za kuvuka miaka hiyo zilipatikana, na jengo lililobuniwa na msanifu majengo Santiago Calatrava, lililogharimu dola milioni 60, likasimama wakati wanafunzi wa kulijaza bado hawajatosha.

Sisemi kwamba chuo kipya hakiwezi kuanza kutoka sifuri. Florida yenyewe ilifanya hivyo na Florida Gulf Coast University, iliyoidhinishwa na Bunge mwaka 1991 na kufunguliwa mwaka 1997 ikiwa na wanafunzi zaidi ya 2,500. Lakini hapo palikuwa na miaka sita ya maandalizi kati ya sheria na darasa la kwanza. Kule Lakeland ilikuwa miwili.

Nyongeza kutoka kwa aliyeuliza, Mjumbe wa Kaunti

Nawashukuru sana, Ndugu Mhasibu na Bi. Maktaba. Maelezo ya krediti yametufungua macho, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wa chuo chetu kishiriki ni walimu wanaokuja wakati wa likizo, na hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba wangeweza kuhesabiwa nusu.

Naomba niulize zaidi. Baadhi ya wanakamati, wakisikia haya, watasema kwamba basi idadi isiandikwe kabisa, kwa sababu imewatesa watu wa San Antonio na haikuwazuia wanasiasa wa Florida. Je, ipo faida yoyote ya kuiandika?

Jibu la tatu, kutoka kwa Mlipakodi wa Tampa

Ndugu Mjumbe, mimi nasimama upande wa idadi, na naomba wenzangu wanivumilie.

Chuo kikuu kidogo cha umma kinalipiwa na watu wengi wasiokisoma. Mwaka 2020, Baraza la Wawakilishi la Florida lilijadili mswada wa kuviunganisha vyuo viwili vidogo kabisa vya jimbo, yaani hiyo Florida Polytechnic pamoja na New College ya Sarasota, na vyuo vikubwa zaidi, na hoja kuu ya waliouleta ilikuwa gharama ya kila shahada inayotolewa. Mswada haukupita. Lakini fikirini wazazi wa Lakeland waliosikia, miaka mitatu tu baada ya ithibati, kwamba chuo cha watoto wao huenda kikafutwa. Chuo kikiwa kidogo mno, uhai wake unajadiliwa upya katika kila bajeti, na walimu wazuri hawahamii mahali panapojadiliwa hivyo.

New College nayo ina funzo lake. Ilijitenga na University of South Florida mwaka 2001 ikiwa na wanafunzi mia kadhaa tu, na kwa miaka mingi ilibaki hivyo kwa hiari, kwa kuwa ilijivunia udogo wake na uhusiano wa karibu kati ya mwalimu na mwanafunzi. Baadaye ikapewa fedha za kukua kwa mpango wa kufikisha wanafunzi 1,200. Fedha zilikuja, wanafunzi hawakuja kama ilivyotarajiwa, na idadi ikashuka badala ya kupanda. Laiti kungekuwa na sharti la ukubwa tangu mwaka 2001, pengine swali la kama panahitajika chuo kinachojitegemea au tawi lenye uhuru wa kitaaluma lingejibiwa mapema na kwa utulivu.

Kwa hiyo idadi ina kazi yake: inamlazimisha mwanasiasa aseme hadharani kwamba bado, na inampa mkuu wa chuo mama sababu ya kukataa shinikizo bila kuonekana adui wa eneo. Tatizo la Florida halikuwa namba 1,244. Ni kwamba Bunge lililokuwa na uwezo wa kulitii baraza linalosimamia vyuo vikuu lilikuwa na uwezo wa kulipuuza pia.

Jibu la nne, kutoka kwa Mhasibu wa Kusini

Nakubaliana na Ndugu Mlipakodi kwa sehemu kubwa, ila sikubali kwamba idadi peke yake inatosha, na sababu yangu iko katika namna fedha zinavyogawanywa.

Bunge la Texas linakutana kwa kawaida katika miaka isiyogawanyika kwa mbili na kupitisha bajeti ya miaka miwili. Sehemu kubwa ya fedha za kufundishia inagawanywa kwa kuhesabu krediti zilizofundishwa katika kipindi cha msingi kilichokwisha kupita. Kwa chuo kikubwa ambacho idadi yake haibadiliki sana, utaratibu huo hauna madhara. Kwa chuo kipya kinachokua kwa kasi, maana yake ni kwamba wanafunzi wa leo wanafundishwa kwa fedha za wanafunzi wa juzi, na kadiri kinavyofanikiwa kuvutia watu ndivyo pengo linavyopanuka. Jimbo linajua hivyo, ndiyo maana lina nyongeza maalumu kwa vyuo vidogo, inayotolewa kikamilifu kwa chuo chenye wanafunzi wasiofika 5,000 na kupunguzwa hatua kwa hatua hadi kufikia 10,000. Nyongeza hiyo inakiri jambo ambalo sheria nyingi za kuanzisha vyuo hunyamazia: ofisi ya msajili inagharimu karibu sawa ukiwa na watu 1,500 au 4,000.

Hili ndilo ambalo ningelisisitiza katika waraka wenu kuliko namba yoyote. Sheria ikisema kwamba hadhi itatolewa wanafunzi wakifika idadi fulani, basi iseme pia, katika kifungu hicho hicho, nani atalipia miaka ya kabla ya idadi hiyo na miaka michache ya baada yake. Kwenu Kenya, ambako fedha zinamfuata mwanafunzi, pengo la miaka ya mwanzo litakuwa pana zaidi, kwa kuwa hakuna ruzuku ya kuziba gharama zisizobadilika. Majengo nayo yatengwe na sharti la wanafunzi kabisa. Msirudie kosa la kuzifunga hati fungani za maabara kwenye idadi ambayo haiwezi kutimia bila maabara.

Kuna njia nyingine ambayo Texas iliitumia mwaka 2013. Bunge lilivifuta vyuo viwili vya bonde la Rio Grande, University of Texas at Brownsville na University of Texas–Pan American, na kuanzisha kimoja kipya, University of Texas Rio Grande Valley, kilichofungua milango mwaka 2015 kikiwa na wanafunzi zaidi ya 27,000. Sheria ilipitishwa kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura katika kila baraza, na hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu katiba ya Texas inataka kura hizo ili chuo kipya kipate kufaidi mfuko wa kudumu wa vyuo vikuu unaotokana na mafuta ya ardhi za jimbo. Vyuo vile viwili vya zamani havikuwa na haki hiyo. Swali la wanafunzi na swali la fedha yalijibiwa kwa sheria moja, siku moja. Sijui kama kaunti yenu ina jirani wa kuungana naye, na najua kwamba jina la chuo litakapokaa katika kaunti ya jirani patakuwa na ugomvi, lakini wazo hilo lisitupwe kabla ya kupigiwa hesabu.

Jibu la tano, kutoka kwa Bi. Maktaba

Niongeze mawili tu. Mjadala ukifika kwenye kuandika kifungu chenyewe, ombeni kitaje ni chombo gani kitakachohesabu wanafunzi, na hesabu ichukuliwe siku gani ya muhula. Wanafunzi wa wiki ya kwanza ni wengi kuliko wa wiki ya mitihani, na chuo chenye haraka ya kupata hadhi kitapenda kuhesabu mapema. Chuo chenyewe kisiachiwe kujihesabu.

La pili ni wanafunzi waliomo tayari. Sheria ya Florida ya mwaka 2012, pamoja na haraka yake yote, iliweka utaratibu kwamba waliokuwa wamesajiliwa katika tawi la Lakeland wamalize masomo yao chini ya University of South Florida na kupata shahada ya chuo hicho chenye ithibati, na fedha zikatengwa kwa kazi hiyo. Walimu wenu wanaosoma wakati wa likizo walijiunga na chuo kishiriki kwa sababu ya jina la chuo mama litakaloandikwa kwenye shahada yao. Kifungu kinachowalinda kiwemo katika rasimu ya kwanza kabisa, kwa kuwa kikisubiri kamati ya bajeti kitakuwa cha kwanza kukatwa.